Bastola ya silinda kwa ajili ya waifu: mkono wake ndo unachagua, sio macho yako

Wazee wa Chuga, yaani Arusha, na wenzetu wa Moshi, hili swali la "nimchukulie waifu bastola gani" linaulizwa sana na watu wenye maduka na wanaokaa nje nje ya mji, Kisongo huko, Usa River, Njiro ya mwisho, na upande wa Moshi wale wa Himo na Kibosho, na jibu wanalopewa ni lile lile, mchukulie kadogo kepesi kanaingia kwenye pochi. Aisee hapo ndo shida inapoanzia. Kabastola kadogo kepesi ndo kagumu kuliko zote kukapiga, kanaruka mkononi, kanauma, mtutu mfupi kwa hiyo kulenga ni kazi, yaani ni silaha ya mtu ambaye ameshapiga risasi nyingi maishani, halafu sisi tunampa mtu ambaye hajawahi kushika hata bunduki ya upepo. Anapiga risasi tano, kiganja kinawaka, anakurudishia, haigusi tena. Unabaki na chuma kwenye kabati na leseni ya kulipia.

Naongelea rivolva, ile yenye silinda inayozunguka, sio ile ya kuchomeka magazini ya risasi kwenye mpini. Kwa mtu anayeanza ina faida zake, haihitaji nguvu ya kuvuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu cha bastola za magazini, nyingi hazina kile kitufe cha usalama cha kukumbuka kufungua, ukifungua silinda unaona kwa macho kama kuna risasi au hakuna, na risasi moja ikigoma kulia unavuta triga tena inakuja inayofuata. Ubaya ni kwamba inabeba tano au sita tu na triga yake ni nzito. Huo uzito wa triga tutaurudia maana watu wengi hawaupigii hesabu kabisa.

Hatua ya 1: Iangalie nyumba kabla ya silaha

Nyumba ambayo mnagombana mpaka majirani wanatoka nje, au mmoja wenu akinywa anabadilika, au kuna mtu ana msongo wa mawazo hajapata msaada, hapo acha kabisa hii mada, weka fensi ya umeme, mbwa, taa za nje, ongea na kampuni ya ulinzi. Bastola ndani ya nyumba kama hiyo haitamsubiri mwizi. Na mbege na bastola haviendi pamoja, iwe ni wewe au yeye, sikukuu au sio sikukuu.

Halafu muulize mwenyewe kama anaitaka. Sio umtangazie. Mwanamke ambaye haitaki hatafanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi bora asiwe nayo.

Hatua ya 2: Leseni ni ya kwake, sio ya familia

Hii wengi wanaikosea. Bastola haitolewi zawadi ya Valentine ukaifunga ribon. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni inamfuata mtu na silaha yake. Ukinunua kwa jina lako halafu unamwachia mama watoto dukani wakati wewe uko Mirerani, yeye anashika silaha bila leseni, na kesi inaweza kuwapata nyote wawili. Kwa hiyo muombaji ni yeye. Anaanzia serikali ya mtaa au kijiji, inapanda kata, wilaya, mkoa, kamati za ulinzi na usalama zinamjadili, polisi wanachukua alama za vidole na kumchunguza, na kote huko anatakiwa aeleze mwenyewe kwa mdomo wake anaitaka ya nini. Atakayejibu "ni mume wangu kaniambia" ajue maswali yataongezeka.

Jipangeni kwa subira, na msilipe hela ya bastola kabla hamjajua maombi yamefika wapi. Na yule jamaa anayekunong'oneza kwamba anayo moja safi imepita mpakani Namanga au Holili, muage kwa heshima na ufute namba yake.

Hatua ya 3: Pima mkono

Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Nendeni dukani wote wawili, duka lenye leseni, alafu wewe kaa pembeni. Muuzaji afungue silinda, aonyeshe haina kitu, shemeji mwenyewe aangalie kila tundu kwa macho na kidole. Ndipo aishike.

Aiweke juu kabisa kwenye kiganja, ile nyama kati ya dole gumba na shahada ikae karibu na mgongo wa bastola, mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Sasa bila kuzungusha bastola, kidole cha shahada kinafika kwenye triga? Kinatakiwa kifike vizuri, ile nyama ya kidole ikae katikati ya triga, na kwa triga nzito wengine wanapenda kifike mpaka karibu na kiungo cha kwanza. Kama inabidi aizungushe bastola pembeni ndo kidole kifike basi hiyo ni kubwa kwake, na ikilia msukumo wote utaishia kwenye kifundo cha dole gumba badala ya kwenda kwenye mkono. Kama kidole kinapitiliza mpaka kinatokea upande wa pili, ni ndogo, au mpini ni mwembamba na unaweza kubadilishwa. Mipini ya mpira inayojaza mkono inasaidia sana, na mara nyingi kubadili mpini ni rahisi kuliko kubadili bastola. Ni sawa na kiatu, humnunulii mtu kwa kukisia.

Kama anaweka kucha ndefu za kubandika, aende nazo hivyo hivyo siku ya kupima. Kucha ndefu zinazuia vidole kufunga mpini vizuri na ile ya shahada inagonga kwenye kizingo cha triga. Ama apunguze ama atafute mpini mwingine, lakini mjue mapema.

Sasa triga. Rivolva nyingi zina njia mbili. Unaweza kuvuta nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, kwa dole gumba kwanza, hapo triga inakuwa nyepesi sana, kilo moja na nusu mpaka mbili hivi. Au unavuta triga moja kwa moja na yenyewe inazungusha silinda, inainua nyundo na kuiachia, na hapo inaenda kilo tano hivi kutegemea bastola. Kwa kujilinda ni hii ya pili, maana mtu anayetetemeka na triga nyepesi ni ajali inayosubiri siku. Kwa hiyo muuzaji aweke risasi bandia za mazoezi, shemeji aelekeze sehemu salama, avute triga ile ndefu mara kumi mfululizo akiangalia ncha ya mtutu. Kama mara ya sita mtutu unachezacheza na anaanza kutumia vidole viwili, hiyo triga ni nzito kwake. Vidole vinaweza kupata nguvu kwa mazoezi, ila usimnunulie leo bastola ambayo ataiweza mwakani.

Hatua ya 4: Uzito, na kwa nini nyepesi ndo inauma

Risasi ile ile ikipigwa kwenye bastola nzito, chuma kinameza sehemu kubwa ya msukumo. Ikipigwa kwenye nyepesi, mkono ndo unaumeza. Hakuna uchawi hapo.

Angalia mifano inayojulikana, zote zinapiga risasi ya saizi ya .38 Special. Smith & Wesson 642 ina fremu ya aluminiamu, inabeba tano, ina gramu 400 na kidogo. Ruger LCR iko chini ya gramu 400. Hizi zinabebeka vizuri mno, unazisahau mfukoni, na ndo hizo hizo muuzaji atazitoa akisikia neno "waifu". Sasa pandisha: Smith & Wesson 36, ile ya chuma iliyotoka 1950, iko kwenye gramu 550. Ruger SP101 ni ya .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, lakini inakula na .38, ni chuma kitupu, gramu 700 na ushee, ndogo ila imejaa mkononi. Halafu Smith & Wesson 10 yenye mtutu wa inchi 4, inabeba sita, karibu kilo nzima, ukoo wake ni wa tangu 1899 na polisi wa nchi nyingi wameibeba miaka na miaka.

Maoni yangu, kama silaha itakaa nyumbani au chini ya kaunta ya duka na sio ya kutembea nayo, acha hizo nyepesi, chukua ya chuma ya inchi 3 au 4. Mtutu mrefu unaweka umbali zaidi kati ya kile kinundu cha mbele na mfereji wa nyuma wa kulengea, kwa hiyo kukosea kidogo kunaonekana kabla hujapiga. Na mlio na mwako wake unapungua kidogo. Kama ni ya kubeba mwilini kila siku basi hapo mnaanza kujadiliana, na SP101 kwangu ndo mahali pa kati pazuri. Hizi nyepesi kabisa nampa mtu ambaye ameshapiga nzito akaizoea.

Tena kwetu Arusha kuna hili jambo, waliokulia kwenye kampuni za uwindaji wanadhani kwa sababu wanajua raifo basi wanajua bastola. Raifo ina kitako kwenye bega. Bastola haina bega la kuegemea, ni viganja viwili tu, kwa hiyo ushauri wa mjomba aliyekuwa anapeleka wazungu kuwinda nyati msikilize kwa adabu halafu endelea na yako.

Hatua ya 5: Risasi

.38 Special ndo chaguo la kuanzia. Ni kaliba ya zamani, haina fujo, na kuna aina za mazoezi zenye risasi bapa mbele zinazosukuma taratibu, muulizie hizo kwa siku za mwanzo. Bastola ya .357 Magnum inapiga .38 bila shida, lakini kinyume chake hapana, ganda la .357 ni refu kwa milimita tatu hivi makusudi lisiingie. Kwa hiyo kununua ya .357 na kuilisha .38 ni akili nzuri, unapata chuma kizito na risasi tulivu. Ila usimpigishe .357 siku ya kwanza ili ucheke. Wapo wanaume wanaofanya hivyo na kurekodi video, na mwanamke huyo harudi uwanjani.

Kama mikono yake ina arthritis, yaani maumivu ya viungo, au vidole vimedhoofika, rivolva ya .22 sio aibu. Haisukumi, mtu anapiga nyingi bila kuchoka na zingine zinabeba nane. Ubaya ni kwamba risasi za .22 zinagoma kulia mara nyingi kidogo kuliko hizi kubwa, na triga zake zinaweza kuwa nzito vile vile, na nguvu yake ya kumsimamisha mtu ni ndogo. Turudi kwenye .38, zile zenye alama ya "+P" kwenye boksi zina presha zaidi, usiziweke kwenye bastola ya zamani kama haijaandikwa inazikubali. Na kabla hamjapenda bastola yoyote, ulizeni kwanza hilo duka lina risasi zake na zinapatikana mwaka mzima au ni bahati nasibu.

Hatua ya 6: Nyundo, vinundu na vitu vidogo

Kama itabebwa kwenye nguo au mkoba, chukua yenye nyundo iliyofichwa au iliyokatwa. Nyundo yenye mkia inanasa kwenye kanga, kwenye sweta, kwenye bitana ya mkoba, na baridi ya Juni na Julai hapa watu wanavaa majaketi mawili. Kama ni ya nyumbani tu, nyundo ya kawaida haina tatizo.

Kinundu cha mbele kwenye hizi bastola mara nyingi ni cheusi au rangi ya chuma, kwenye mwanga hafifu hukioni. Rangi ya kucha ya machungwa au nyekundu inayong'aa, tone moja, inamaliza kazi. Hiyo kampuni zinauza kwa bei, shemeji anayo tayari kwenye droo. Mipini ya pinki sina neno nayo, kama anaipenda sawa, ila rangi isiwe ndo sababu.

Hatua ya 7: Kama ni ya mkononi

Iliyotumika inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei rahisi, ila kagua. Hakikisha haina risasi. Vuta triga taratibu mpaka nyundo idondoke, usiiachie triga, halafu jaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Itacheza kidogo sana au haitacheza. Ikicheza sana achana nayo. Rudia kila tundu, maana moja linaweza kuwa limechoka peke yake. Angalia kwenye mwanga uwazi kati ya silinda na mtutu, unatakiwa uwe milimita 0.1 mpaka 0.2, karatasi moja ya kuprinti ipite, tatu zilizopangwa pamoja zisipite. Tazama ndani ya mtutu kama kuna kutu au uvimbe. Na ukimuona muuzaji anaifunga silinda kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama kwenye sinema, jua hiyo bastola imeshateswa, ule mkono wa silinda unapinda kwa mchezo huo.

Huo uwazi niliousema ndo unatoa gesi ya moto pembeni kila risasi inapolia. Shemeji afundishwe mapema, kidole cha mkono wa kusaidia hakiendi mbele ya silinda, kamwe.

Hatua ya 8: Uwanjani

Uwanja ulioruhusiwa wa shabaha na mwalimu, na ikiwezekana mwalimu asiwe wewe. Ndoa nyingi hazijengwi kwa mume kumfokea mke akiwa ameshika bastola. Vizibo vya masikio na juu yake hedifoni za kuzuia kelele, miwani, kofia. Aanze na .22 kama ipo, halafu .38 laini kwenye bastola nzito, umbali wa mita 3 mpaka 5, kwenye sahani ya karatasi. Risasi chache akiwa na furaha ni bora kuliko boksi zima akiwa na machozi.

Kanuni ni zile zile duniani kote, kila silaha ihesabu ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga na umeamua, jua kilichopo nyuma ya unachopiga. Hiyo ya mwisho kwa nyumba zetu za mbao kule uchagani au vyumba vya kupanga vyenye dari moja ifikirie mara mbili, risasi haisimami kwenye ubao.

Akiwa mjamzito au ananyonyesha, uwanjani asubiri. Kuna moshi wenye madini ya risasi, yaani lead, unaingia kwa pumzi na mikononi, na mlio unamfikia mtoto tumboni ambaye huwezi kumvalisha vizibo. Na kwa kila mtu, baada ya kupiga nawa mikono na uso kabla hujagusa chakula.

Nyumbani anaweza kufanya mazoezi ya triga bila risasi, akiwa na risasi bandia, na zile za kweli ziko chumba kingine kabisa zimefungiwa. Dakika chache mara kwa mara, ndo zinajenga vidole.

Hatua ya 9: Inakaa wapi

Sio chini ya mto, sio juu ya kabati, sio ndani ya unga. Watoto wanajua kila kona ya nyumba, na dada wa kazi anajua zaidi. Kisanduku cha chuma cha namba, kimefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, anachoweza kukifikia gizani, namba anaijua yeye mwenye leseni.

Kuhusu mkoba nina msimamo. Wakwapuzi wa pikipiki wanachukua mkoba, ndo kazi yao, na mkoba ukienda na bastola imeenda, sasa una mwizi mwenye silaha iliyoandikwa jina la mke wako na ripoti ya kuandika polisi siku hiyo hiyo. Kama anatembea nayo, ikae mwilini kwenye holsta inayofunika triga. Kama ni lazima mkoba, basi uwe wenye mfuko wake peke yake, bila funguo, lipstiki wala chenji humo ndani, na mkanda upite kifuani. Vinginevyo ibaki kwenye kisanduku.

Mwambieni pia mwanasheria awaeleze Kanuni ya Adhabu kuanzia kifungu cha 18, nguvu ya kujilinda inapimwa na hatari iliyokuwepo. Mwizi anayekimbia na TV mgongoni hayuko kwenye hesabu hiyo.

Na baada ya miezi kadhaa akisema haimfai, msikilize, msilazimishane. Lakini haimpi dada yake wa Machame wala haiuzi kwa jirani. Inarudi kwa utaratibu, kupitia polisi na duka lenye leseni, na atakayeipokea naye awe na vibali vyake mkononi kabla haijatoka kwenye kisanduku.